Mali Bila Daftari: Serikali Inahesabu Ushindi, Nani Anahesabu Hasara?



Juma la mwisho la mwezi wa Juni huwa na pilkapilka zake kila mwaka. Sheria inamtaka kila mwenye nambari ya PIN awe amewasilisha ritani yake ya kodi ya mapato kabla tarehe 30 haijapita, na wengi wetu husubiri mpaka siku za mwisho. Katika juma hilo, mwaka 2025, nilikuwa na mawakili wenzangu wawili katika ukumbi wa kanisa mtaani kwetu, tukiwasaidia watu kujaza ritani bila malipo. Miongoni mwa waliokuja alikuwa kijana mmoja bawabu, mwenye mshahara wa shilingi 15,000 kwa mwezi na watoto wawili wa kulisha. Ritani yake ilikuwa fupi na tuliimaliza upesi, lakini hakuondoka. Alisogeza kiti, akainama, akauliza kwa sauti ya chini: "Wakili, mwaka jana nilishinda shilingi 18,000 kwa kubashiri mechi za mpira. Hizo nazo nazijaza wapi?"

Nilimjibu kwamba hazijazwi popote. Kampuni ilikuwa imekwisha kumkata asilimia 20, yaani shilingi 3,600, kabla ya kumpa pesa zake, na kwa sheria ya wakati huo kodi hiyo ilihesabiwa kuwa imekwisha, hakudaiwa zaidi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la pili, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Na zile nilizopoteza, Wakili, nazijaza wapi?"

Hizo pia hazikuwa na mahali. Nikamwuliza zilikuwa kiasi gani. Hakujua. Alidhani labda elfu tano au sita. Tukachukua simu yake, tukaanza kuhesabu ujumbe mmoja baada ya mwingine, kuanzia Januari 2024 hadi Desemba. Kazi hiyo ilituchukua alasiri nzima. Tulipopiga jumla, madau aliyoweka yalifika shilingi 41,300. Fedha zilizomrudia baada ya kukatwa kodi, pamoja na ule ushindi wake mkubwa, zilikuwa shilingi 22,150. Kijana aliyekuja kwetu akiogopa kwamba ni mshindi aliyeficha mapato yake alikuwa amepoteza shilingi 19,150, zaidi ya mshahara wake wa mwezi mzima. Na katika mwaka huo wa hasara alikuwa amelipa kodi mara mbili: ushuru wa asilimia 12.5 juu ya madau yake, na asilimia 20 juu ya kila ushindi.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka tuzungumze juu ya daftari hilo: nani analo, nani hana, na kwa nini jambo hili ni la haki wala si la hisabati tu.

Sheria yetu ilivyo

Tuanze na kanuni. Sheria ya Kodi ya Mapato, ambayo ni sura ya 470 na ilipitishwa mwaka 1973, imesimama juu ya msingi ambao hata mtoto wa shule anaweza kuuelewa. Kodi ya mapato hutozwa juu ya faida. Haitozwi juu ya kila shilingi ipitayo mkononi mwa mtu. Mwenye duka haambiwi alipe kodi ya mauzo yake yote. Kwanza anaondoa bei ya bidhaa, pango la duka na mshahara wa msaidizi wake. Mkulima anaondoa mbegu na mbolea. Mwenye matatu anaondoa mafuta na vipuri. Kifungu cha 15 kinasema kwamba gharama zilizotumika kwa ajili ya kupata mapato hayo, na kwa ajili hiyo peke yake, zitolewe kabla ya kodi kuhesabiwa. Biashara ikipata hasara mwaka huu, hasara hiyo huweza kupelekwa mbele na kuhesabiwa mwaka ujao. Hiyo ndiyo maana ya neno mapato.

Kamari iliwekwa nje ya kanuni hii. Kuanzia mwaka 2019 hadi katikati ya mwaka 2025, kila ushindi ulikatwa asilimia 20 papo hapo na kampuni iliyolipa. Hata neno lenyewe "ushindi" lilikuwa na mgogoro. Mwaka 2019 watoza kodi na makampuni walibishana mbele ya waamuzi kama dau la mchezaji nalo lihesabiwe ndani ya ushindi au litolewe kwanza. Lakini katika mabishano yote hayo hakuna aliyeuliza juu ya madau yaliyopotea siku nyingine. Mtu aliyeshinda shilingi 15,000 Jumamosi moja, akapoteza shilingi 20,000 katika Jumamosi nyingine zote za mwaka, alilipa shilingi 3,000 za kodi ya mapato. Mapato gani? Kwa hesabu ya kweli mtu huyo alikuwa na hasara ya shilingi 5,000, na kodi ikaifanya kuwa 8,000.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2025, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo, ilibadilisha utaratibu. Ile asilimia 20 juu ya ushindi iliondolewa. Badala yake, asilimia 5 hukatwa mtu anapotia fedha katika akaunti yake ya kamari, na asilimia 5 nyingine hukatwa anapozitoa. Wengi walishangilia kwamba kodi imeshuka. Ni kweli imeshuka kwa kiwango, nami siwezi kukana hilo. Lakini tazameni msingi wake. Zamani sheria iliuliza angalau kama umeshinda. Sasa haiulizi hata hilo. Inaangalia fedha zikiingia, inaangalia fedha zikitoka, na kila mara inachukua fungu lake.

Tuchukue mfano. Kijana anatia shilingi 1,000 katika akaunti yake kila juma kwa majuma 52. Jumla ni shilingi 52,000. Ushuru wa kuingiza ni shilingi 2,600, na zinabaki 49,400 za kuchezea. Tuseme kwa mwaka mzima, kwa kushinda na kushindwa, anatoa jumla ya shilingi 30,000. Anakatwa 1,500, anabaki na 28,500 mkononi. Kampuni imebaki na 19,400. Serikali imepata 4,100. Kijana amepoteza 23,500. Katika hizo 4,100, zile 1,500 zinaitwa kodi ya mapato. Nawauliza tena, ndugu zangu: mapato gani?

Ni lazima niseme kweli yote, maana wakili anayeficha upande mmoja wa ushahidi hastahili kusikilizwa. Kamari siyo jambo pekee linalotozwa kodi bila kutoa gharama. Mfanyabiashara mdogo hulipa asilimia 3 ya mauzo yake, na mwenye nyumba za kupangisha hulipa asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba anayokusanya, bila kuondoa chochote. Lakini hao wameachiwa mlango. Akiona kwamba utaratibu huo unamwumiza, anaweza kumwandikia Kamishna aombe kuhesabiwa kwa njia ya kawaida, faida dhidi ya gharama. Mchezaji wa kamari hana mlango wa namna hiyo. Anaingia akikatwa na anatoka akikatwa.

Kodi isiyojua kusudi lake

Serikali hueleza kwamba kodi za kamari zimewekwa ili kuwazuia vijana wasipotee. Ni nia njema, na mzazi yeyote angeiunga mkono. Lakini hebu tuutazame ushuru wa madau katika miaka michache tu. Mwaka 2019 uliwekwa kwa asilimia 20. Mwaka 2020 ulifutwa kabisa. Mwaka 2021 ulirudi kwa asilimia 7.5. Mwaka 2023 ulipandishwa hadi 12.5. Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulitaka kuurudisha kwenye 20, lakini muswada huo wote uliondolewa tarehe 26 Juni 2024 baada ya vijana kujitokeza barabarani na wengine kumwaga damu yao. Kufika mwisho wa Desemba mwaka huohuo sheria nyingine ikaufanya kuwa asilimia 15. Julai 2025 ukashushwa hadi 5, sasa ukihesabiwa kwa fedha zinazoingizwa katika akaunti.

Mara sita katika muda usiotimiza miaka sita. Daktari anayebadilisha kipimo cha dawa namna hii hatumwamini kwamba anautibu ugonjwa. Iwapo lengo ni kumzuia kijana, ni maarifa gani yaliyopatikana mwaka 2020 kwamba hahitaji kuzuiwa, na ni maarifa gani yaliyopatikana mwaka 2023 kwamba anahitaji? Hatukuelezwa. Hatungeweza kuelezwa, kwa sababu hesabu ya hasara ya wananchi haikuwekwa mezani. Bunge lilijadili asilimia. Halikuwa na daftari mbele yake.

Wenzetu wanavyofanya

Yafaa tutazame mbali kidogo, tuone kama jambo hili lina njia nyingine. Nimechagua nchi mbili ambazo zina kamari nyingi na sheria za kodi za miaka mingi.

Nchini Marekani, ambako maelfu ya Wakenya wenzetu wanaishi na kufanya kazi, ushindi wote wa kamari ni mapato, uwe wa kasino, wa mbio za farasi au wa bahati nasibu. Ni lazima uandikwe katika ritani, hata kama aliyelipa hakutoa hati yoyote. Lakini ritani hiyohiyo ina mahali pa kuandika hasara. Kanuni hiyo ilianza mwaka 1934, nayo inasema kwamba hasara za kamari zinaweza kuondolewa mpaka kufikia kiasi cha ushindi, wala si zaidi. Kwa hiyo mtu hawezi kucheza kamari na kisha kutumia hasara yake kupunguza kodi ya mshahara. Mamlaka ya kodi ya huko huwashauri watu waweke daftari la kamari lenye tarehe, aina ya mchezo, jina na mahali pa nyumba ya kamari, majina ya waliokuwa pamoja nao, na kiasi walichoshinda au walichopoteza. Tiketi na risiti zihifadhiwe pia.

Sisemi kwamba Marekani ni Edeni. Hasara huweza kuandikwa tu na yule anayeorodhesha makato yake moja moja, badala ya kuchukua kile kiasi cha jumla ambacho sheria humpa kila mtu. Kwa mwaka 2025 kiasi hicho kilikuwa dola 15,750 kwa mtu asiye na mwenzi. Mkenya aliyeko huko, mfanyakazi wa hospitali tuseme, aliyeshinda dola 10,000 mwaka huo na kupoteza 12,000, kama hana makato mengine makubwa, ataona kwamba kuorodhesha hakumfai. Basi ataandika ushindi wake wote na hasara yake itabaki moyoni. Tena sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 imepunguza haki hiyo: kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 ni asilimia 90 tu ya hasara inayohesabiwa. Aliyeshinda dola 100,000 na kupoteza 100,000, ambaye hana hata senti ya faida, atahesabiwa kuwa amepata dola 10,000. Wenzetu wa huko wamelalamikia jambo hilo kwa haki.

Lakini angalieni wanabishania nini. Wanabishania kiasi cha hasara kitakachokubaliwa. Kwamba hasara ni sehemu ya hesabu, hilo lilikwisha kukubaliwa tangu zamani. Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua mwaka 1987 kesi ya Bwana Groetzinger, mtu aliyetumia mwaka 1978 akibashiri mbio za mbwa kwa saa 60 hadi 80 kwa juma. Alikuwa ameweka madau ya dola 72,032 na kushinda 70,000. Watoza kodi walimdai kodi ya ziada kwa mwaka ambao alikuwa amepoteza dola 2,032. Mahakama ikasema kwamba mtu anayeifanya kamari kwa bidii na kwa nia ya kujipatia riziki anafanya biashara kama wafanyabiashara wengine, na ahesabiwe hivyo. Aliweza kushinda kesi kwa sababu alikuwa na hesabu zake.

Uingereza, ambayo ndiyo iliyotuachia sehemu kubwa ya sheria zetu, ilichukua njia ya pili. Mwaka 1925, katika kesi ya Graham na Green, mtu aliyekuwa akiishi kwa kubashiri farasi alidaiwa kodi ya mapato, na jaji akaamua kwamba kubashiri si kazi ya kutozwa kodi hiyo. Tangu hapo mchezaji wa kamari wa Uingereza haandiki ushindi wala hasara. Mwaka 2001 serikali ya huko ilifuta hata ushuru uliokuwa ukiwaangukia wachezaji, ikaweka kodi juu ya fedha zinazobaki kwa wenye makampuni baada ya kuwalipa washindi.

Basi ziko njia mbili zenye mantiki. Marekani inaandika safu zote mbili, ushindi na hasara. Uingereza haiandiki hata moja ya mchezaji, inamgeukia mwenye kampuni. Sisi tumechukua fungu kutoka kwa mchezaji kama Marekani, na tumefumba macho kwa hasara kama Uingereza. Katika kila nchi tumeokota kile kinachoifaa hazina, na tumekiacha kile kinachomfaa mwananchi.

Wanaosema mkamari hana haki

Najua kwamba wengi wanaosoma jarida hili ni watu wa kanisa, na najua swali lililo moyoni mwao: kwa nini wakili Mkristo anamtetea mkamari? Kamari ni uovu. Anayeingia humo aumie, na kodi imwumize zaidi ili atoke.

Ndugu zangu, kwanza, hatuumii naye peke yake. Zile shilingi 19,150 za yule bawabu hazikuwa zake pekee. Zilikuwa karo, zilikuwa unga, zilikuwa pango la chumba. Anayelipa kodi ya kamari katika nyumba nyingi ni mama na watoto ambao hawajawahi kuweka dau hata siku moja.

Pili, kama kodi hii ni adhabu, iitwe adhabu, na fedha zake ziende kuponya. Kodi ikiitwa kodi ya mapato, basi iwe juu ya mapato. Serikali haiwezi kusimama mimbarani ikilaani kamari na huku inangojea fungu lake mlangoni. Mshirika anayegawana nawe kila ushindi na kukukimbia kila unaposhindwa hana jina zuri katika lugha yetu.

Tatu, kuandika hasara hakumpi mkamari moyo wa kuendelea. Mimi nimeona kinyume chake. Yule kijana hakulia kwa sababu ya kodi. Alilia tulipomwonyesha jumla. Kwa mwaka mzima alikuwa akikumbuka ushindi mmoja na kusahau Jumamosi arobaini. Hiyo ndiyo kazi ya kamari: inamfanya mtu akumbuke na kusahau kwa kipimo kinachoifaa. Nchi inayomtaka mtu aandike pande zote mbili inamlazimisha ajitazame katika kioo walau mara moja kwa mwaka. Nchi inayokata papo hapo na kunyamaza inamsaidia kusahau.

Mwaka 2024 vijana wetu walilitumia sana jina la Zakayo walipokuwa wakilalamika juu ya kodi. Tulicheka, na wengine wakakasirika. Lakini tukumbuke kwamba Zakayo wa Maandiko hasifiwi kwa kutoza ushuru. Anasifiwa kwa sababu alisimama mbele ya watu, akafanya hesabu, akaahidi kurudisha alichochukua bila haki. Hatuombi zaidi ya hilo.

Daftari lipo, lakini si mikononi mwetu

Pingamizi la mwisho hutolewa na watu wa ofisini. Husema kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuweka kumbukumbu za kila dau, na kwamba serikali haina njia ya kuzihakiki. Miaka thelathini iliyopita, dau lilipowekwa kwa karatasi na noti mkononi, ningekubali. Leo sikubali hata kidogo. Kubashiri kwetu hufanywa kwa simu. Kila shilingi inayoingia na kutoka ina saa, tarehe na nambari. Tangu mwaka 2022 Mamlaka ya Ushuru, KRA, ilianza kuunganisha mitambo yake na ya makampuni ya kamari ili ione miamala inapotendeka, na Sheria ya Fedha ya 2023 iliyataka makampuni yapeleke kodi hizo katika muda wa saa 24.

Kwa hiyo daftari lipo. Limeandikwa kikamilifu, tena kwa kila siku. Kampuni inalo. Serikali inalo. Asiyekuwa nalo ni mwenye fedha peke yake. Bawabu na mawakili watatu walilazimika kukaa alasiri nzima wakipekua ujumbe wa simu ili kupata jumla ambayo kompyuta ya kampuni ingeitoa kwa muda wa kufumba na kufumbua jicho. Je, hii ni shida ya teknolojia? Ni shida ya nia.

Katiba tuliyoipigania kwa miaka mingi na kuipata mwaka 2010 haikunyamaza. Ibara ya 201 inataka fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi na uwajibikaji, na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na zile zilizo mikononi mwa mtu mwingine zinapohitajiwa ili kulinda haki yake. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo kamili juu ya kile anachonunua. Tena Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyotiwa sahihi Agosti 2025 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, imeunda mamlaka mpya ya kusimamia mambo haya. Chombo tunacho. Kilichobaki ni kukitumia.

Tunadai nini

Kwanza, kila kampuni ya kamari ilazimishwe kumpelekea kila mchezaji, kila Januari, taarifa ya mwaka uliopita: ameingiza kiasi gani, ametoa kiasi gani, amekatwa kodi kiasi gani, na mwishowe amepata au amepoteza kiasi gani. Taarifa iandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, iletwe kwa simu ileile anayochezea, na jumla ya hasara iandikwe kwa tarakimu zinazoonekana.

Pili, Bunge lichague njia moja ya haki. Kama mchezaji atatozwa kodi ya mapato, basi atozwe juu ya kile kilichobaki baada ya kuondoa hasara za mwaka huohuo, na aliyekatwa katika mwaka wa hasara apewe nafasi ndani ya ritani yake ya kudai alichokatwa. Hasara zisivuke ushindi wake, wala zisiguse kodi ya mshahara. Hatutaki mlipa kodi mwaminifu abebe mzigo wa mkamari. Kama Bunge litaona jambo hilo ni gumu, basi liiondoe kodi ya mapato kwa mchezaji na kuiweka yote juu ya makampuni, ambayo yanajua faida yao mpaka senti ya mwisho. Njia ya katikati, ya kutoza upande mmoja, ikomeshwe.

Tatu, kila mwaka, kabla ya Muswada wa Fedha kujadiliwa, iwekwe mezani mwa Bunge hesabu ya taifa ya kamari: Wakenya waliingiza kiasi gani, walitoa kiasi gani, serikali ilipata kiasi gani, na ilitumia kiasi gani katika kuwasaidia waliozama katika ulevi huu. Mbunge atakayepiga kura ya kupandisha au kushusha asilimia afanye hivyo akiwa ameiona hesabu hiyo, nasi tumwulize jimboni kwake aliamuaje.

Nne, na hili ni letu wenyewe. Makanisa yafungue kumbi zao mwezi wa Juni, na si kwa kujaza ritani tu. Mtu apewe kalamu na karatasi, akae na mtu anayemwamini, ahesabu. Msimhubirie kabla hajamaliza kuhesabu. Jumla yenyewe itahubiri. Kila jumuiya ina mwalimu, karani au mfanyakazi wa benki anayeweza kujitolea saa mbili. Na wanaharakati wenzangu, ambao mmezoea kudai hesabu kwa mawaziri, mjue kwamba kudai hesabu kwa niaba ya bawabu ni kazi ileile.

Yule kijana alipokuwa akiondoka aliikunja ile karatasi yetu yenye jumla, akaitia mfukoni. Alisema angekwenda kumwonyesha mke wake, maana hata yeye hakujua. Sijui mazungumzo yao yalikuwaje jioni ile. Lakini nilijua kwamba kwa mara ya kwanza mtu huyo alikuwa na hesabu ambayo kampuni na serikali zilikuwa nayo siku zote. Haki huanzia hapo. Tukaidai, kila mtu katika eneo lake, kwa mbunge wake, kabla Muswada wa Fedha ujao haujasomwa.